CD Iliyokwama Mlangoni

Baba yangu hakujua Kiingereza, na hilo halikumzuia hata siku moja kutafsiri filamu za Kiingereza. Alikuwa seremala. Jumatatu hadi Ijumaa alitengeneza vitanda na fremu za madirisha pale Mafinga. Jumamosi na Jumapili, ikigonga saa tisa alasiri, alioga, akavaa koti lake la harusi, akaenda kukaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, maiki mkononi, na kuwaambia watu wazima na akili zao Wazungu wale walikuwa wanasema nini.

Kibanda chenyewe cha kuoneshea filamu kilijengwa kwa mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo mashine za mbao huyatupa. Chini palimwagwa maranda ya mbao ili miguu isigande, maana baridi ya Mafinga mwezi wa sita si ya kusimulia. Rafiki yake mmoja, fundi wa msumeno, ndiye aliyeshika rimoti na kuangalia deki ya CD isipate moto. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Deki, naye alijivunia cheo hicho kuliko msumeno wake.

Utafsiri wa baba ulikuwa hivi: kwanza aliitazama filamu nyumbani mara mbili akiwa amezima sauti kabisa. Alisema sauti inamchanganya. Akishaelewa nani kamkosea nani, yaliyobaki aliyaweka mwenyewe. Askari wa Kizungu wakawa wametokea Makambako. Tajiri mwenye ndevu akawa anadaiwa mbuzi na wakweze. Mtu akipokea simu huko Ulaya, anaanza na "Kamwene!" kama wazee wetu wa Kihehe, na ukumbi mzima unamwitikia. Nani alikuwa na haja ya Kiingereza pale? Hakuna.

Filamu yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kuchekesha na ya upelelezi kwa pamoja. Stelingi, yaani mhusika mkuu, ni mfuta vioo anayetamani kuwa mwandishi wa habari. Hana gazeti, hana aliyemtuma, ana kidaftari na penseli nyuma ya sikio. Siku moja anasikia mke wa mwoka mikate amepotea, na anaamua kwamba hiyo ndiyo habari yake, afe apone. Anajificha kwenye pipa la unga, anatoka mweupe kama msukule. Anamshuku daktari wa meno, anajifanya mgonjwa ili amhoji, anang'olewa jino zima lisilo na tatizo. Anamhoji mbwa, tena kwa heshima, na anaandika majibu. Baba alimwita Ripota tu. Mbavu hatuna! Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akianguka kutoka kwenye benchi na kuendelea kucheka akiwa hukohuko chini.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kitu lazima kijulikane kabla sijaendelea. Nilipokuwa na miaka minane, mama yangu aliondoka. Aliniambia anakwenda Mbeya, sehemu za Iyunga, kumuuguza shangazi yake, wiki mbili tu. Alichukua begi la kijani na kuacha kanga mbili kwenye kamba. Niliziona zile kanga nikasema moyoni, huyu anarudi, mtu hawezi kuacha kanga zake. Zilikaa kwenye kamba mpaka zikapauka. Baba akazianua, akazikunja, akaziweka kabatini, na kila nilipouliza alisema, "Anarudi, mwanangu. Shangazi yake bado hajapata nafuu."

Desemba ya mwaka ule nilipelekwa kijijini kwa bibi. Niliporudi Januari, filamu ya Ripota ilikuwa imeshaingia mjini na kila mtu anaizungumza. Jumamosi ya kwanza nilikaa benchi la mbele kabisa. Nilicheka mpaka tumbo likauma. Hatimaye Ripota anafika mji wa mbali, anakwenda kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, anagonga. Baba kwenye maiki anaita, "Hodi! Hodi wenyewe!" Kitasa kinazunguka. Mkono wa mwanamke unaonekana. Halafu televisheni ikawa bluu tupu.

"Ah! Imekwama!" baba akasema. "Ndugu watazamaji, CD imechubuka hapa mwisho. Lakini msihofu, mimi mwisho wake naujua."

Akausimulia. Mlango unafunguka na mke wa mwoka mikate anatoka, begi mkononi. Kumbe hakupotea, alikuwa anamuuguza shangazi yake! Shangazi amepona. Ripota anambebea begi, wanapanda basi, wanafika nyumbani, na mumewe siku hiyo ameacha mikate amepika pilau. Hapo ukumbi mzima ulisimama. "Amerudi! Amerudi!" Watu walipiga mabenchi, walirusha maranda juu, fundi mmoja alilia waziwazi na kujifuta kwa kofia. Baba hakuwatazama hao. Alikuwa ananitazama mimi.

Miaka kumi filamu ile ilioneshwa nikiwepo, na miaka kumi ilikwama palepale, kitasa kikizunguka. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hanunui nyingine. Alisema haipatikani tena. Na mimi, kusema kweli, sikuitaka nyingine. Mwisho wake ulinitosha. Kama mke wa mwoka mikate amerudi, mama yangu atashindwa nini?

Nikajifanya Ripota. Nilikuwa na daftari la kurasa thelathini na mbili na penseli sikioni, na nilianza kuwahoji watu wa Mafinga juu ya mama. Nilimwendea muuza nyama. "Mara ya mwisho kumwona ni lini?" Akanipa mfupa wa supu na kuingia ndani. Nikaenda kwa mama muuza sambusa, akakumbuka ghafla kwamba mafuta yanaungua. Mzee wa Deki nilimbana mpaka ukutani. Akaniambia ana jino linamsumbua, hawezi kuongea. Mtu mzima ovyo! Nikawaandika wote watatu: wanashukiwa. Nilikuwa na hasira nao, kwa kweli. Niliona mji mzima umeamua kunidharau kwa kuwa ni mtoto.

Nilipomaliza kidato cha nne nilimwambia baba, "Nakwenda Mbeya kumtafuta mama." Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Akaiweka randa chini. Akaingia ndani, akatoka na lile koti la harusi. "Mbeya kuna baridi," alisema. "Halafu Ripota bila koti nani atamsikiliza?"

Iyunga nilizunguka siku tatu, koti likinifika magotini. Nyumba ya kwanza walidhani nimetoka idara ya maji nimekuja kukata; yule mama alinipa ndizi za kuchoma sahani nzima na kuniomba nirudi wiki ijayo. Nyumba ya pili walidhani ni mlokole, wakaniambia wao tayari wameokoka. Siku ya tatu niliingia kwenye duka la vitambaa kando ya barabara kuu. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzee aliyezungumza Kinyakyusa kunishinda mara kumi. Nikatoa daftari.

"Mwanamke wa Mafinga?" akasema. "Mrefu, anashona? Huyo ananunua uzi hapa. Nyuma ya kanisa, geti la mabati."

Nilisimama mbele ya lile geti. Sauti yangu ilikataa kutoka, basi nikaazima ya baba, ile ya kwenye maiki. "Hodi! Hodi wenyewe!" Ndani cherehani ikanyamaza. Komeo likavutwa. Niliona mkono kwanza, naapa, mkono kwanza, halafu mlango ukafunguka wote.

Alikuwa na futi la kupimia nguo shingoni. Nyuma yake walisimama wasichana wawili wadogo wenye pua yangu.

"Umekuwa mrefu," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo koti la baba yako."

Alinikaribisha ndani, akanipa chai na mkate, akawatuma wale watoto nje. Alikaa kwenye kiti cha cherehani na kuanza kuviringisha lile futi kidoleni, analiviringisha na kulifungua.

"Mimi sikupotea, mwanangu," alisema. "Baba yako anajua nilipo. Mwaka uleule alikuja, akakaa hapohapo ulipokaa. Nikamwambia sirudi. Nikamwambia akwambie mapema, usikae unangoja. Hakukwambia?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kuipiga teke cherehani yake. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja nimekodolea macho kila basi linaloshusha abiria kutoka Mbeya. Lakini aliponiuliza vile, "Hakukwambia?", nilimwona baba kwenye stuli yake, na nikashindwa kabisa kumpa mtu mwingine nafasi ya kumwona mwongo.

"Aliniambia," nikasema. "Nilitaka kukuona tu."

Akashusha pumzi. "Baba yako si mtu mbaya. Mimi tu nilishindwa."

Laiti angesema alikuwa anampiga. Mtu mbaya unamchukia, mambo yanaisha. Hawa wangu wawili hawakunipa hata hilo. Nilimaliza chai, nikaaga. Alinisindikiza mpaka barabarani na kunifunga kifungo cha juu cha koti, kama vile nakwenda shule.

Ndani ya basi nilipanga maneno. Mpaka Igawa nilikuwa nimepanga ya kumwita mwongo. Mpaka Makambako nilikuwa nimepanga ya kuondoka nyumbani nisirudi tena. Niliposhuka Mafinga nilikwenda moja kwa moja karakana. Alikuwa hajanyoa siku tatu. Ule ubao wa kitanda ulikuwa bado uleule mezani. Alikuwa ameupiga randa mpaka umekuwa mwembamba, haufai tena kwa kitanda cha mtu yeyote.

"Vipi, Ripota?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Maneno yote ya njiani yakaniruka.

"Sikumpata," nikasema.

Randa ikasimama. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, tena kwa ile sauti yake ya kwenye maiki, si ya kawaida, "Basi kaa, ule."

Nilishangaa, maana hapakuwa na chakula pale, palikuwa na gundi na misumari. Baba naye akaangaza huku na huku kama mtu aliyekumbuka jambo hilo kwa kuchelewa, akatoka, akarudi na maandazi kwenye gazeti. Tulikaa juu ya mbao tukala. Nikadhani njaa ilikuwa yake.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Nilihamia Iringa mjini, nikasoma uandishi wa habari, na mpaka leo nachangia habari kwenye redio moja ndogo. Ni habari za kujitolea zaidi kuliko za ajira: vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimeoza njiani, daraja la kijiji fulani limekatika. Wikiendi nikirudi Mafinga, baba aliweka filamu ya Ripota. Ikifika mlangoni, inakwama. Naye anasimulia mke karudi, na mimi, mwanamke mzima niliyekwisha kuuona ule mlango halisi na kunywa chai nyuma yake, nilisimama juu ya benchi kupiga kelele "Amerudi!" kuliko wote. Nilimfanyia yeye. Niliamini kwamba siku nikikaa kimya atajua ninajua, na itamuua.

Hata vibanda vilipoanza kufa, watu wakawa wanaangalia filamu kwenye simu zao na cha baba kikageuzwa stoo ya mbao, hatukuwahi kulisema. Tulizungumza siasa, bei ya mbao za paina, presha yake. La mama, hapana.

Mwaka jana moyo wake ulichoka. Tulimlaza hospitali Iringa, na nilikaa naye siku tisa. Siku ya nane mchana aliniita nisogee.

"Ile CD ikikwama," alisema, "utamalizia wewe."

"Nitamalizia, baba."

"Usiwabanie pilau."

Nikacheka. Naye akacheka kidogo, akakohoa. Kesho yake hakuamka. Baba yangu, jamani.

Arobaini yake tuliifanya Mafinga. Mwinjilisti aliposali na kumaliza, sufuria za pilau zikiwa bado jikoni nje, mafundi wa zamani wakaniambia hawawezi kuondoka bila Ripota. Tukahamisha mbao kwenye kile kibanda, tukaweka mabenchi. Mzee wa Deki, sasa hana meno ya kusingizia, alikuja na CD imefungwa kwenye kitambaa cha flana. Kumbe yeye ndiye aliyeitunza. Nikavaa koti, nikakaa kwenye stuli, nikashika maiki.

Nilitafsiri kama baba. "Kamwene!" Wakaitikia. Kwenye jino walicheka, kwenye mbwa walicheka na kulia pamoja. Tukafika kwenye mlango wa kijani. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kitasa kikazunguka, mkono ukatokea, na mimi nikajiandaa kusema imekwama.

Haikukwama. Mzee wa Deki alikuwa amenyoosha rimoti, ananitazama.

"Nisimamishe?" akaninong'oneza.

"Usimamishe nini? Si inakwama yenyewe?"

Yule mzee aliinamisha kichwa. Akabonyeza, picha ikaganda, na akaongea akitazama maranda. "Haijawahi kukwama, mwanangu. Ilipokuja mara ya kwanza ulikuwa kwa bibi yako. Tuliiona mpaka mwisho, kila Jumamosi na Jumapili, Desemba nzima. Ulipokaribia kurudi, baba yako alikuja hapa akasimama mbele yetu. Akasema, 'Binti yangu akiwepo, inakwama.' Tukasema sawa."

Niligeuka nikawatazama. Muuza nyama. Mama wa sambusa. Mzee wa kanisa aliyeanguka kwenye benchi. Wote wakatazama chini. Mafinga hiihii, ambako ukinunua sufuria mpya asubuhi, jioni mtaa wa pili wanajua bei yake! Ukumbi mzima uliujua mwisho, na miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeropoka. Walisimama, wakapiga mabenchi, wakalia, wakasema "Amerudi", kwa ajili ya mtoto mmoja wa benchi la mbele. Na mtoto huyo anajiita mwandishi wa habari.

"Acha itembee," nikasema.

Mlango ukafunguka. Mwanamke alikuwa na unga mikononi na hakuwa na begi lolote. Kiingereza nakijua siku hizi, nikatafsiri alichosema, neno kwa neno. "Sikupotea. Niliondoka. Niko salama, ila sirudi." Ripota akapasua ukurasa wake, akageuka kwa haraka, akaangukia kwenye pipa la takataka. Hakuna aliyecheka.

Halafu ikaja sehemu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Ripota anarudi kwa mwoka mikate. Mwoka mikate amesimama mezani na unga wake, hainui kichwa, anauliza. Ripota anamtazama, anageuza kofia mikononi, na anatikisa kichwa.

"Sikumpata," nikatafsiri.

Mwoka mikate akaacha kukanda. Alimtazama Ripota kwa muda mrefu, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba amejua anadanganywa, na kwamba anashukuru. Akavuta kiti. Akasogeza mkate. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na nikafungua mdomo niyatafsiri, lakini ukumbi ukanitangulia. Waliyasema wote kwa pamoja, polepole, kama baba alivyowafundisha Desemba ile.

"Basi kaa, ule."

Maiki ilinianguka. Alijua! Tangu siku ile karakanani, na ubao wake mwembamba, baba alijua kwamba nimempata mama na nimekuja kumficha hilo. Na aliniambia kwamba anajua, kwa maneno hayohayo, ila alikuwa ameninyima filamu ambayo ingenifanya niyaelewe. Kila Jumamosi baada ya hapo alisema "imekwama" kwa ajili yangu, na mimi nilisema "amerudi" kwa ajili yake, tukiwa wote wawili tumeshamaliza kungoja.

Mzee wa Deki akazima televisheni, akaokota maiki, akaifuta maranda. Mama wa sambusa alinishika mkono akanitoa nje kwenye jua, akanivutia kiti, akaniwekea sahani ya pilau magotini.

Nikakaa, nikala.